Gobore la baba mkwe na mluzi wa ukingoni: wazee wa Usambara walivyokataa kusalimisha silaha

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Najua wanaonizidi umri humu ni wachache, basi wengine wote marahaba.

Juzi nilipita kwenye uzi wa sheria za silaha. Mdau mmoja akaandika kwamba Watanzania hatujawahi kubishana na serikali juu ya bunduki, hayo ni mambo ya Wamarekani.

Nikacheka peke yangu. Nikaweka simu chini, nikaichukua tena.

Mabishano hayo mimi niliyaona. Nilikuwa nimekaa kwenye majani, mtoto mgongoni, wabishi wenyewe wako mbele yangu. Nitaandika nilichokiona na nilichokisikia, na pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo. Majina nimebadilisha, kijiji sikitaji.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa nimeolewa kwenye kijiji kimoja huko juu ya Mlalo, ambako shamba la mwisho linagusana na msitu. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Ukitoka nje unasikia watu wakisalimiana, "Onga makeo," na huoni mtu hata mmoja.

Mpaka leo nikisikia harufu ya kuni mbichi nakumbuka nyumba ile.

Baba mkwe wangu, Mzee Athumani, alikuwa na gobore. Kwa wadogo wasiojua, gobore ni bunduki ya kizamani, unashindilia baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu. Lilikuwa la baba yake. Lilikaa juu ya dari, juu kidogo ya moto, ili moshi uzuie unyevu.

Mimi kama mke wa mwanawe sikukaa naye baraza moja. Akiingia jikoni, natoka. Kuongea naye ni kwa heshima na kwa maneno machache, mengi yanapitia kwa mama mkwe. Lakini nyumba ya udongo haifichi sauti. Kwa hiyo nilimjua mzee yule zaidi kwa masikio kuliko kwa macho.

Shamba letu kubwa la mahindi lilikuwa pale ukingoni mwa msitu. Nguruwe pori wakiingia, wanalaza chini mistari mizima, wanatafuna machache na kuharibu mengi. Bila shamba lile, nyumba yetu ingekula viazi mpaka mvua nyingine.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe, mnisome taratibu.

Sisi tulikuwa Waislamu. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, Mzee Yoeli, alikuwa Mlutheri, tena mzee wa kanisa. Baba mkwe akimpiga nguruwe, hamgusi. Anasogea pembeni, anapiga mluzi mmoja mrefu na mmoja mfupi, kisha anarudi nyumbani. Wanaume wa kwa Yoeli wanakuja na miti, wanabeba, wanafukia damu, wanaondoka.

Hakuna aliyemwambia mwenzake asante. Ila msimu wa kulima ukifika, unaamka asubuhi unakuta watu wa kwa Yoeli wamo shambani kwetu na majembe. Hawakuitwa. Mama mkwe anapika makande chungu kikubwa, wanakula, wanakwenda zao.

Kijiji kizima kilijua. Kijiji kizima hakikusema. Jambo likikaa hivyo kwa miaka linakuwa kama jiwe la njiani, kila mtu anajua pa kulipitia.

Ndipo likatokea la bonde la pili. Mtu mmoja alikuwa analinda shamba lake, akaona kitu kinatikisika kwenye mahindi, akapiga. Alikuwa ni jirani yake. Sikuwepo, lakini kilio tulikisikia.

Haukupita muda likaja agizo kwamba magobore yote ya kata yapelekwe ofisi ya kijiji, yafungiwe huko. Mwenye haja aombe.

Wenye magobore wakakutana kwetu. Walikuwa wazee wachache tu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta napepeta maharage, na nilipepeta polepole sana siku ile.

Aliyekuwa moto kuliko wote ni Mzee Kanju, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu.

"Nguruwe anaomba ruhusa kuingia shambani?" akauliza. "Haombi. Sasa mimi niombe ruhusa ya kumtoa? Ofisi iko bonde lile, ufunguo uko bonde jingine, na katibu amekwenda Lushoto."

Wakacheka.

"Tunakataa mkutanoni," akasema. "Mchana kweupe, kwa mikono. Mzungu alituletea sheria ya kulima kwa matuta tukamkatalia, na alikuwa Mzungu."

Wakakubaliana kwamba hakuna atakayepeleka bunduki yake, na wote wasimame pamoja. Baba mkwe alisema neno moja tu, "Sawa." Nikadhani ni upole wake.

Mkutano ukafanyika uwanja wa shule. Ofisa aliyetumwa kusimamia agizo alikuwa kijana, kaunda suti ya kijivu, viatu vimejaa tope kwa sababu gari lilishindwa kupanda. Naomba nimtendee haki. Alisalimia shikamoo kwa wazee mmoja mmoja, na alieleza habari ya yule marehemu bila kupaza sauti.

Kanju akasimama.

"Ndugu ofisa, siku bendera yetu ilipopanda, sisi ndio tuliopanda kilima kile tukapiga baruti. Watu wakatushangilia mpaka Mlalo. Magobore ni haya haya. Leo yamekuwa hatari?"

"Mzee wangu, zile zilikuwa siku za furaha. Na sheria mlizokuwa mkizikataa zamani zilikuwa za mkoloni. Hii ni yenu."

"Kama ni yetu," Kanju akasema, "mbona ndiyo kwanza tunaisikia?"

Uwanja ukavuma. Hata ofisa alitabasamu. Nilimwona baba mkwe amekaa na wenzake, anachora chini kwa fimbo.

Wakuu, kama mambo yangeishia pale, wazee wale wangeshinda siku hiyo. Lakini upande wa pili akasimama Mzee Yoeli.

Ofisa akamuuliza, "Ndugu, na wewe una gobore?"

"Sina. Sijawahi kulishika."

"Basi tuwaache wenyewe waseme."

"Linanihusu," Yoeli akajibu. "Linanihusu kwenye sufuria."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikamponza. Mtu akichekewa vizuri mkutanoni huongeza neno.

"Ndugu ofisa, tangu Athumani aanze kulinda ukingo ule, nyumba yangu haijakosa kitoweo. Yeye anapiga nguruwe, anatupigia mluzi, sisi tunakwenda kubeba. Wao hawali, sisi tunakula, na sisi tunamlimia. Sasa huo si ndio ujamaa wenyewe mnaotufundisha? Mkichukua lile gobore mmechukua jembe langu na nyama yangu pamoja."

Alikuwa anamtetea rafiki yake kwa moyo wote. Alipogeuka kumtazama, ndipo naye akasikia alichokwisha kusema.

Kicheko kilikatika. Mama mkwe akanishika mkono, akaubana. Mbele yetu alikaa Maalimu wa chuo cha Kurani, na vichwa vyote vya Waislamu viligeukia kofia yake.

"Yoeli, kaa chini," Kanju akamwambia. "Umeshashiba."

Hakuna aliyecheka.

Maalimu akasimama taratibu. Alikuwa mtu mkali, watoto walikuwa wakibadili njia wakimwona.

"Mluzi ule naujua," akasema. "Nimeusikia miaka mingi. Nikiusikia najigeuza upande wa pili, nalala, maana najua mahindi ya majirani zangu yamepona. Sijamwona Athumani akishika alichokataza Mungu. Nimemwona akilinda alichoruzukiwa."

Kisha akamgeukia ofisa. "Ila swali la Kanju hujalijibu."

Kura ya mikono ikapigwa. Walioinua kukataa agizo walikuwa wengi, wenye bunduki na wasio nazo, wa msikitini na wa kanisani. Sijawahi kuona tena kijiji kimeinua mikono vile, na kila nikikumbuka moyo unanipanda. Tulikuwa maskini, lakini tulikuwa na jambo la kusema na mahali pa kulisemea.

Ofisa akaitazama, akasema, "Mikono nimeiona na nitaifikisha. Lakini sikutumwa kuuliza, nimetumwa kutekeleza. Mnao muda mpaka siku ya gulio."

Kanju alikuwa keshafungua mdomo. Baba mkwe akasimama kabla yake.

"Mimi langu nitaleta," akasema, akakaa.

Wenzake walimtazama kama mtu aliyewafungulia mlango wezi. Kanju akamwambia, kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, "Athumani, umetuuza kwa sababu ya aibu ya nguruwe?"

Baba mkwe akajifuta vumbi, akaondoka.

Yoeli alikuja jioni ile mpaka kwenye ua wetu, akasimama, kofia mkononi. "Bwana Athumani, nimekuharibia."

"Hujaniharibia. Kaa unywe chai."

Hakukaa. Alirudi kwake kichwa chini.

Kijiji kiliamini ni aibu, na mimi pia niliamini hivyo, mpaka usiku nilipomsikia mama mkwe akimuuliza chumbani kwao kulikoni. Ukuta, kama nilivyosema, ulikuwa wa udongo.

"Macho yamekwisha," baba mkwe akasema. "Msimu uliopita nilimlenga nguruwe pale ukingoni. Kidole kiko tayari. Nguruwe akakohoa."

Nikasikia kitanda kikilia, mama mkwe ameinuka kukaa.

"Alikuwa Elia," mzee akasema. "Wa Yoeli. Alikuwa anakata njia kwenda kwao. Hakuniona, nami sikumwambia mtu. Leo baba yake anasimama mbele ya watu, ananitetea nibaki na lile dude. Ningeinua mkono gani?"

Elia alikuwa kijana mkubwa tu, ameshachumbia. Alikuwa na kikohozi cha ukungu, kile ambacho watu wengi wa kule juu hukaa nacho miezi ya baridi.

Siku ya gulio, baba mkwe alilishusha gobore, akalifuta masizi, akalipeleka. Wenzake walipoona ameachia, wakaachia mmoja mmoja. Kanju alikuwa wa mwisho. Alipanda kilima kile kile cha siku ya bendera, akalipiga gobore lake hewani mara moja, moshi ukasimama kwenye ukungu, kisha akashuka nalo moja kwa moja mpaka ofisini. Na huyo hakumsemesha baba mkwe kwa muda mrefu sana.

Mahindi yalipoanza kubeba, nguruwe wakaja. Waliingia mara moja tu, wakala kona nzima ya chini. Mama mkwe alirudi kutoka kuitazama, akakaa jikoni bila kuvua kanga ya kichwani. Tuliingoja njaa.

Asubuhi iliyofuata tukakuta dungu limejengwa ukingoni. Dungu ni kibanda cha juu ya miti, cha kulindia shamba. Ndani wamo vijana wa kwa Yoeli, na mapipa matupu ya kupiga kelele, na moto chini. Hawakuitwa. Walilinda msimu mzima kwa zamu, na Elia ndiye aliyekaa zamu nyingi kuliko wote.

Nyama hawakupata tena. Majembe yao waliendelea kuja nayo.

Baba mkwe naye akaanza jambo jipya. Kila asubuhi, chai ya mchaichai ikiwa tayari, anatoka uani na kupiga mluzi. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mluzi ni ule ule. Vijana wanashuka kutoka ukingoni kuja kunywa, wanatokea kwenye ukungu mmoja mmoja.

Mimi ndiye niliyekuwa namimina. Na kila asubuhi, kabla hawajaonekana, tunamsikia Elia akikohoa huko juu, na mzee anasema polepole, "Alhamdulillahi."

Yoeli alizoea kumtania. "Athumani, hilo si la kupiga chafya?"

"Kwangu ni la yote," mzee anamjibu.

Wote waliokuwa wakinywa chai ile sasa wametangulia, isipokuwa Elia na mimi. Elia ana wajukuu. Hajui, labda mpaka mmoja wenu amsomee hapa.

Wakuu, watu hunitaka niseme nani alikuwa na haki. Agizo lilikuwa na haki juu ya hatari, na lilikosea kuja na jibu kabla ya kuuliza swali. Wazee walikuwa na haki juu ya mahindi, na hakuna aliyesema hadharani kwamba macho huzeeka. Nilichojifunza ni kidogo: kabla hujamwita mtu msaliti wa msimamo, jua kwanza alichokiona mbele ya mtutu wake.

Na huyo mdau wa juzi, mjukuu wangu, tulibishana sana. Tena kwa mikono juu.

Mliokulia Lushoto, Upare, Uluguru, kokote kwenye msitu na mahindi: kwenu walilinda na nini baada ya magobore kuondoka, na nani alikuwa akipiga mluzi? Andikeni, nipo nasoma, miwani ninayo.