Koti Lililotupasukia Majengo

Mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa ameshatangazwa kanisani mara mbili. Kwetu Wakatoliki ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na padri husema anayejua kizuizi akaseme. Ilibaki Jumapili moja tu. Na wiki hiyohiyo mimi nikampiga mama mkwe wake mpaka damu.

Nasema kama ilivyokuwa. Waliokuwepo siku ile nawakumbuka wote kwa majina, hadi muuza karanga, ila siwaandiki, maana aibu ni yangu.

Ugonjwa wangu ni vitu vya bei ya kutupa. Nikisikia muuza mitumba anaita "buku, buku!" yaani kila nguo elfu moja tu, damu inanipanda kichwani kama mtu aliyetukanwa. Nyumbani nilikuwa na makoti kumi na moja, na mwili huu ni mmoja. Nilikuwa na viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto, nilivinunua kwa sababu vilikuwa rahisi. Mjukuu akisema, "Bibi, nguo zimetufukuza kitandani," namwambia nyamaza, baridi ya Ufipa huijui wewe.

Alhamisi asubuhi pale sokoni Majengo walikuwa wanafungua robota jipya la mitumba. Utaratibu ni mmoja: muuzaji akishakata mikanda na kumwaga nguo kwenye turubai, ulichoshika wa kwanza ni chako. Basi tulisimama tumebanana mabega, viwiko vimetoka, hakuna anayemsalimia mwenzake. Kisu kikapita, nguo zikamwagika, tukaziangukia. Mtu akanikanyaga vidole, nikampiga kiwiko cha mbavu bila hata kumtazama. Hapo nikaliona koti la sufu, zito, vifungo vyote vipo. Nikadaka mkono mmoja wa koti. Mkono wa pili ulikuwa umeshadakwa.

"Achia, nimeshika mimi!" nikafoka.

"Umeshika nini, kizee wewe? Nilikuwa nalo hata hujainama!"

Nikainua macho. Ni mkwe wangu, mama wa kijana anayemwoa mjukuu wangu.

Kwetu wakwe wakikutana njiani huchuchumaa, hupiga makofi taratibu, huulizana habari za nyumbani. Tangu niolewe sijawahi kumpita mkwe nimesimama. Na siku ile tulionana vizuri kabisa, uso kwa uso. Hakuna aliyeachia.

"Mkwe, niachie."

"Achia wewe, mkwe."

Akanishika kilemba, akakivuta pamoja na nywele. Nikainamisha kichwa nikamng'ata mkono, hapa chini ya kidole gumba, na meno haya machache yaliyobaki yakafanya kazi. Nikasikia chumvi mdomoni. Akapiga yowe, akanitandika ngumi ya sikio, nikaona giza, koti bado nimelishika. Watu wanacheka: "Haya, harusi imeanza!" "Bibi, mmalize!" Koti likapasuka mgongoni, krrr, kutoka shingoni mpaka chini.

Hapo mkwe akaliachia. Nililipa mimi, nikaondoka nalo kwapani nimefurahi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: nilikaribia kufika nyumbani nikiwa bado nimefurahi.

Mjukuu alikuwa ameshapata habari. Hakupiga kelele.

"Bibi, yule mama akienda kwa padri?"

"Akaseme nini? Kung'atwa si kizuizi."

"Mwanaye hawezi kunioa mama yake akikataa. Unajua."

Nilijua.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwao Milanzi na kuku mmoja. Nilipiga magoti tangu mlangoni, nikapiga makofi. Mkwe alikuwa amekaa mkekani, mkono umevimba, umefungwa kitambaa. Nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

"Mbwa wangu aking'ata mtu, namfunga," akasema mwishowe. "Wewe nikufunge wapi?"

"Nifunge unapotaka, mkwe. Mtoto usimfunge."

Akamgeukia mjukuu wangu. "Kwa padri siendi. Lakini mkono huu haufui tena, na nguo zipo." Akaonyesha uani kwa kidevu. Rundo zima lilikuwa mitumba, bado ina ile harufu ya dawa ya robota. Kumbe naye yuko kama mimi.

Mjukuu akavua viatu, akakunja mikono ya gauni, akainamia beseni. Nikainuka nimsaidie.

"Kaa hapo," mkwe akasema. "Utazame."

Nikakaa. Maji ya asubuhi huku kwetu yanakata hadi mfupa. Vidole vya mtoto vikakakamaa, akawa anavipulizia, anarudi kusugua, machozi yanadondokea kwenye povu. Akainua sweta la kijani, shingo ndefu, halijafumuka hata uzi. Na mimi, niliyetoka kupiga magoti kwa ajili ya ndoa yake, nikajikuta najiuliza moyoni mkwe alilipata kwa shilingi ngapi.

Nikajizaba kofi la uso, kwa nguvu, wote wawili wakageuka.

"Una nini tena, mkwe?"

"Sina kitu," nikasema, nikajizaba la pili.