Mshubiri Nilioung'oa

Mke wangu alikuwa na mshubiri nyuma ya nyumba yetu hapa mtaani Kikuyu, kwenye changarawe kati ya banda la kuku na ukuta wa jirani. Aliuleta kutoka kwao Gulwe mama yake alipokuwa bado hai, kipande kimoja tu, na kwa miaka mingi ukajizalia wenyewe mpaka ukawa kichaka. Hakuumwagilia wala kuupalilia. Mara mojamoja alikata jani akalitumbukiza kwenye maji ya kuku wanapoanza kuzubaa. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa kiangazi ukiwa umeshakausha kila kitu, ulitoa mashada mekundu, nyuki wakawa wanapigana vikumbo pale na chozi, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda.

Mimi sikuuhesabu kuwa ua. Kwangu ilikuwa miba. Nilikulia kwenye nyumba ambayo uwanja wake ulifagiwa kila asubuhi, pasiwe na jani la kumficha nyoka, na hata nilipokuwa karani wa serikali niliendelea kumpima mtu kwa uwanja wake.

Kosa langu halikuanza na jembe. Mke wangu alilelewa kwa Kigogo. Kiswahili alikipata shuleni, akaacha darasa la nne. Mimi nilimaliza kidato cha nne, basi ndani ya ndoa nikajifanya mwalimu. Akisema "kiti yangu," nilimkatiza: "Changu." Mbele ya watoto, mbele ya wageni. Watoto walicheka, nami nikaona nimefanya la maana. Miaka ilivyokwenda, maneno yake yalizidi kuwa machache. Nilidhani ni utulivu wa uzee.

Miaka michache iliyopita dada yake alivunjika mguu, naye akaenda Gulwe kumuuguza. Siku ya pili alinipigia simu, mtandao ukikatikakatika.

"Babu," alisema. Tangu tupate wajukuu tunaitana babu na bibi. "Niangalizie ua yangu."

"Ua wangu," nikamsahihisha.

"Nini?"

"Si ua yangu. Sema ua wangu."

"Haya. Ua wangu. Uangalie, basi."

Msomaji ameshaliona shimo nililojichimbia. Mwenye ua la kuchanua husema ua langu. Mwenye ua wa nyumba, kiwanja kilichozungushiwa ukuta, husema ua wangu. Yeye hakusema hili wala lile. Badala ya kumuuliza alichokusudia, nilimpa maneno yangu ayaseme, kisha nikayatii kwa bidii. Nilinoa jembe, nikang'oa kila kilichoota, nikatupa jalalani, nikafagia na kunyunyiza maji. Kila asubuhi nilirudia kufagia. Niliwaza jinsi atakavyofurahi.

Alirudi wiki ya nne. Alipita moja kwa moja hadi nyuma, mfuko ungali begani.

"Ua yangu iko wapi?"

"Si huu hapa? Unauonaje?"

Alitazama ardhi tupu, akanitazama mimi. "Ile ya mama," alisema.

Nyumba ya mama yake ilikuwa imebebwa na mafuriko muda mrefu uliopita, pamoja na kila kilichoota mbele yake. Hapakuwa na pengine pa kupata kipande kingine. Nilijua hivyo, naye alijua kwamba najua. Hakupiga kelele. Aliingia jikoni akawasha mkaa, na kwa siku kadhaa maneno yetu yakawa ya chumvi na maji ya kuoga tu.

Nililiparura jalala kwa mikono. Vipande vitatu vilikuwa bado na kijani moyoni. Nilivipanda saa ileile, nikawa navimwagilia asubuhi na jioni kama mtu anayenywesha wagonjwa. Cha kwanza kikalainika, kikaoza. Cha pili kikafuata, kwa harufu mbaya zaidi. Nilikuwa nimeinama juu ya cha tatu, kopo mkononi, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Babu, unaizamisha."

"Bibi, si unaliona jua hili?"

"Jua haina neno. Wewe ndiye unaiua." Alininyang'anya kopo. Alikichomoa kile kipande, akakata palipooza kwa kisu cha jikoni, akakiweka kivulini juu ya banda la kuku. "Ikae hapo mpaka kidonda ikauke. Usiipe maji. Usiiguse. Wala usiongee nayo."

"Hata kuongea?"

"Utaisahihisha."

Kidonda ikauke, alisema, na ulimi wangu ukanicheza. Nikauuma. Kisha nikamwambia nimekosa, na kwamba sizungumzii mshubiri peke yake.

"Kuku hawajapewa maji," alijibu. Nikaenda kuwapa.

Alikipanda mwenyewe palepale kwenye changarawe, mvua za kwanza zilipokaribia. Kazi yangu ikawa kutofanya chochote, na sijapata kufanya kazi ngumu kama hiyo. Mwaka wa kwanza majani yalikunjamana, nikahangaika peke yangu. Wa pili yakanenepa, lakini hakuna ua. Mwaka huu, katikati ya kiangazi, likachomoza shina moja lenye kichwa chekundu. Kabla halijafunguka lote, nyuki walikuwa wameshafika. Sasa kila asubuhi natoa kigoda na chai yangu nje, nakaa kuwatazama, na sina haraka ya kwenda popote.

Juzi binti wa nyumba ya jirani, mfanyakazi wa ofisini aliyehamia kutoka mkoa mwingine, alichungulia juu ya ukuta.

"Shikamooni. Jamani bibi, si ndiyo alovera hiyo? Nipeni basi kidogo nipake nywele."

"Paka uone," mke wangu alisema. "Hiyo ni ya kuku na nyuki. Hata mama yangu aliiiba tu."

"Aliiba?"

"Stesheni pale Gulwe! Bustani ya stesheni masta." Aliweka chini ungo wa mchele. Akaeleza jinsi mama yake alivyojikunja kana kwamba tumbo linamkata, akang'oa kipande, akakificha ndani ya kanga, na miba ikamchoma kweli, akalia kweli, mpaka stesheni masta mwenyewe akaja kumshika mkono na kumpandisha behewani.

Binti alicheka hadi akaushika ukuta. Tumeoana zaidi ya miaka arobaini, nami nilikuwa sijawahi kuisikia hadithi hiyo.

"Halafu ikawaje?" niliuliza.

Alinitazama, akavuta kigoda kingine, akakaa. "Halafu," alisema, "treni yenyewe ikaharibika."