Nilivyokwepa Mabonde ya Ayalandi

Gari likiendeshwa na mtu nisiyemjua, mimi hulala. Nimewahi kusinzia hadi nikamlalia abiria wa pembeni begani, na sikuona haya. Lakini mume wangu akishika usukani, usingizi wote unaniruka, na mguu wangu wa kulia unakanyaga breki ambayo upande wa abiria hauna. Watu huniambia ninafanya mambo kinyume. Waache waseme, hawakuwa nasi Cheptais.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mume wangu alikuwa Ayalandi kwa kozi ya ushirika wa maziwa. Ilipokaribia kwisha, aliniandikia kwamba wenyeji wake wameshashughulikia tiketi yangu, nimfuate, tuzunguke mashambani kwa wiki mbili tukistarehe, kwa gari la kukodi, yeye akiendesha. Walimu wenzangu pale Kitale walipiga vigelegele stafrumu nzima. Nilicheka nao, kisha nikaenda nyuma ya choo cha walimu nikatapika chai yote ya saa nne. Mmoja wao akaanza kunong'ona kwamba nina mimba. Afadhali ingekuwa mimba.

Ndani ya bahasha alikuwa ameweka ramani ya magharibi mwa nchi hiyo. "Wewe ndiye mwalimu wa ramani," aliandika. "Chagua njia. Zile zenye mstari wa kijani kando ndizo zenye mandhari ya kupendeza." Niliitandaza juu ya meza ya kulia, nikaweka kikombe kila pembe ili isijikunje, nikaanza kuzifuata zile njia za kijani kwa kidole.

Nilikuwa nikifundisha jiografia darasa la sita, na nilikuwa nimewachapa watoto wa watu kwa kushindwa kueleza kontua ni nini. Mistari ya kontua ikiachana, nchi ni tambarare. Ikibanana, ni mteremko. Sasa kila mahali kijani kilipopita, kontua zilibanana hadi zikawa doa moja la kahawia, na upande wa pili wa barabara hapakuwa na kitu ila rangi ya buluu. Nilielewa vizuri kabisa. Barabara inayopendeza ni ile ambayo gari likiteleza kidogo tu, linaingia baharini.

Tulikuwa na watoto wawili, mkubwa darasa la pili na mdogo bado nasari. Wangebaki Bungoma kwa nyanya yao. Hofu yangu ilikuwa hiyo moja, haikuwa na matawi: sisi wawili tutatumbukia pamoja katika nchi ya watu, na watoto watabaki bila baba wala mama.

Nieleze ya Cheptais, ingawa kwa kina mume wangu hairuhusiwi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa tumeenda kumwona shangazi yake kule Cheptais, tukawa tunarudi kuelekea Bungoma na magunia ya viazi na vitunguu nyuma ya pikapu. Mvua ya alasiri ilikuwa imeshuka mlimani na barabara ilikuwa tope tupu. Kwenye kona moja ya kushuka, gari liliacha kumsikiliza. Halikwenda kwa kasi, na hilo ndilo watu hawaelewi. Liliteleza polepole, kwa adabu kabisa, likajigeuza ubavu, na gurudumu la nyuma upande wangu likabaki linaning'inia. Nilichungulia dirishani nikaona vichwa vya migomba chini yangu. Mdogo alikuwa ananyonya, wala hakuacha. Mkubwa alikuwa katikati yetu, amelala. Mume wangu alisema, "Usitikisike," nami sikutikisika, hadi wanaume waliokuwa wakitoka sokoni walipokuja na kamba wakalivuta gari na sisi tukiwa ndani.

Tulipofika Bungoma habari ilikuwa imeshatutangulia. Mama mkwe alitusimamisha nje ya mlango. Kwao kuna desturi: watu walioponea jambo huchinjiwa jogoo, wakala wote kutoka sinia moja kabla ya kuingia nyumbani, na wakishanawa mikono jambo lenyewe halitajwi tena, hata kwa utani, hata kwa sala. Ukilitaja unaliita. Tulikula tumesimama.

"Mmeshakula," mama mkwe alisema akichukua sinia. "Imeisha. Sitaki kusikia mtu ati anasema kona, ati anasema kamba. Tumesikizana?"

Tukasema tumesikizana.

Na kweli tulinyamaza. Pikapu iliuzwa, tukanunua gari dogo lililochoka, na kila sikukuu tulishuka kutoka Kitale kwenda Bungoma. Pale Kamukuywa, barabara inapoteremka kuelekea darajani, mume wangu alikuwa akisimulia vituko vya ofisini kwao na kucheka mwenyewe, huku mimi nikikodolea barabara macho kana kwamba nikiiachia itahama. Nilimchukia kidogo kwa kicheko kile. Nilijiambia, huyu mtu hana hata chembe ya woga, amenioa mimi nimwogopee. Lakini sikusema. Ningesemaje, na jogoo tulishamla?

Kwa hiyo ramani ile ikawa mdomo wangu. Nilichukua penseli nikaanza kukata. Kila barabara iliyokaribia bahari nilikata. Kila iliyopanda mlima nilikata. Palipokuwa na neno ambalo sikulielewa, nilikata pia, kwa tahadhari.

Shule ya wasichana iliyokuwa jirani yetu ilikuwa na mtawa mmoja mwenyeji wa Ayalandi, mzee mcheshi aliyekaa Kitale hadi Kiswahili chake kikawa cha Kitale. Nilimpelekea ramani anisaidie.

"Sista, hii barabara, kando yake kuna nini?"

"Hiyo? Aa, hiyo ni mzuri sana! Unaona bahari yote chini yako."

"Chini namna gani?"

"Chini kabisa! Kondoo wanaonekana kama mchele."

Nikaikata mbele yake. Alivaa miwani, akainama juu ya ramani, akaniangalia.

"Mwalimu, hii yote nani amekata? Umebakisha tu shamba na ng'ombe. Si hata hapa Endebess iko na shamba na ng'ombe?"

"Mimi napenda ng'ombe, Sista." Akatikisa kichwa.

"Na gari ikizima hapa katikati?" nikamuuliza, nikionyesha palipokuwa peupe kwenye ramani. "Kuna watu wako karibu?"

Hilo hakulielewa mara moja. Alisema kuna nyumba za wageni, mtu yeyote analala. Ilibidi nimweleze kwamba sisi hatuendi hivyo. Kutoka Kitale hadi Bungoma mimi naweza kukutajia nyumba kwa nyumba: hapa ameolewa binamu, hapa anakaa mwalimu niliyesoma naye, hapa mchungaji aliyetufungisha ndoa. Gari likiharibika, unatembea hadi kwa mtu wako. Barabara isiyo na mtu wako haijawa barabara bado, ni pori lililowekwa lami. Sista alicheka hadi akatoa kitambaa, kisha akaanza kunitajia watu wake. Dada yake alikuwa katika mji mmoja mdogo. Binamu yake alikuwa na duka karibu na mto. Padri fulani mzee hakusikia vizuri lakini angefungua mlango. Mimi nikaunganisha nyumba hizo kwa penseli. Ikawa safari ya ajabu, inakwenda kushoto, inarudi nyuma, inapita mara mbili kwenye mji uleule, na haikuona bahari hata kwa mbali. Niliipenda. Usiku huo nililala.

Nilimtumia mume wangu nakala. Jibu lilipokuja, nililifungua stafrumu, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu ilibidi nitabasamu nikisoma. "Mwalimu, umenipeleka kwa ng'ombe tu," aliandika. "Ng'ombe nimesoma mwaka mzima." Yeye alikuwa ameshachagua. Kulikuwa na barabara fulani huko Kerry inayovuka mlima, nyembamba, mwamba upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu, magari mawili yakikutana moja linarudi nyuma. Wenzake wa kozi walisema ukirudi nyumbani bila kuipita hujafika Ayalandi. Gari alikuwa ameshaweka oda.

Moja linarudi nyuma. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko zote.

Wiki hiyo nilianza kufungasha nguo za watoto za kupeleka Bungoma, za wiki mbili. Nikajikuta nimekunja sweta kubwa za shule, nilizonunua wavae mwaka unaofuata. Nilipoona nilichofanya, nilikaa sakafuni na zile sweta mapajani, nikaogopa mikono yangu mwenyewe. Sikuzitoa.

Mama mkwe alikuwa jikoni akichambua maharagwe nilipofika. Nilikaa naye, nikachambua kidogo, nikajitia ujasiri.

"Mama, huko baba watoto anakotaka kunipeleka kuna kona."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Kona gani?"

"Za mlimani. Na chini ni bahari."

"Si niliwakataza hayo maneno?"

"Mama, mimi ninaogopa."

Aliinuka akafunga mlango wa jikoni, watoto wasisikie. "Ogopa bila kusema, mama," aliniambia, na haikuwa kwa ukali. "Unafikiria mimi mtoto wangu akitoka hapa na hiyo gari nakuwa namna gani? Nanyamaza. Nanyamaza mpaka mfike." Kisha akarudi kwenye maharagwe yake na kuanza wimbo wa kanisani, kwa sauti ya juu, nisipate nafasi ya kuendelea.

Nilirudi Kitale nikiwa na hasira hata na yule jogoo. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa katikati yetu. Nilianza kufikiria jinsi ya kuvunjika mguu kidogo, kwa kiasi tu cha kunizuia kusafiri. Nilifikiria kupoteza pasipoti. Lakini nilijua kwamba nikikosa kwenda, yeye ataipita barabara ile peke yake, nami nitakaa hapa nikisubiri simu ya mtu mgeni, na hofu hiyo ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Hapakuwa na namna ila kusema.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya mume wangu kupiga simu nyumbani kwa watawa, kama tulivyozoea. Sista aliniachia kiti kwenye korido, akaenda kuangalia kuku wake. Simu za nje wakati ule zilikuwa na tabia ya kukurudishia sauti yako mwenyewe baada ya kidogo, kama mtu anayekuiga.

"Mama watoto! Gari wamenipa mpya kabisa, bana. Utajiona mzungu."

"Sipandi."

"Ati nini?"

"Gari yako sipandi. Tangu siku ile ya Cheptais mimi naogopa ukiendesha. Naogopa kila siku. Sasa nimesema, na mama akitaka achinje jogoo mwingine."

Naogopa kila siku, simu ikanirudishia.

"Kwani wewe uliogopa?" aliuliza.

"Gurudumu lilikuwa upande wangu!"

"Lakini ulikaa tu hivi. Ukaendelea kunyonyesha. Mimi nikasema, huyu mwanamke hana woga, sasa nitamwambia aje?"

"Kuniambia nini?"

Nje Sista alikuwa akiwaita kuku kwa Kiswahili.

"Hiyo gari sikuishika," alisema. "Siku ile watu wote walisema nilishika usukani vizuri ndio maana hatukuanguka. Sikushika. Niliachilia. Nilifunga macho nikangoja."

Nilimwambia imeshapita.

"Haijapita. Mpaka sasa nikifika mahali pa kuteremka, macho inajifunga yenyewe. Si kila mara. Kidogo tu, halafu nafungua. Ndio maana nataka hiyo barabara ya huku. Nilifikiria nikiweza hiyo, itaniachilia."

"Na mimi nikiwa ndani?"

"Ukiwa ndani sikuwa naogopa sana," alisema mume wangu. "Nilikuwa najua wewe unaangalia."

Nikamwambia arudishe gari hilo siku hiyohiyo, na akasema atalirudisha, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Tulizunguka Ayalandi kwa mabasi, baadaye, na bahari niliiona. Lakini siku hiyo kwenye korido sikuwa na nafuu yoyote. Simu ilikuwa imeshakatika na mimi bado nimeishika, nikizipitia sikukuu zote zile tulizoshuka kwenda Bungoma, watoto wakigombana kiti cha nyuma, yeye akicheka, na mimi kando yake nikiitazama barabara bila kupepesa, nikidhani tunaitazama wawili.