Hodi Zilizopotea Ndani ya Mashine ya Damu

Saa mbili asubuhi, maabara ya hospitali bado inanuka dawa ya kupigia deki. Fundi wa programu ameketi kwenye stuli ya plastiki, kompyuta mapajani, macho hayabanduki kwenye skrini. Mashine ya kupima damu inanguruma, inavuta maji ya majaribio, kisha kimya. Imeganda.

"Haya, imesusa tena," anasema dada wa maabara. Hacheki.

"Acha isuse. Leo nimeiona kasoro yake," fundi anajibu.

Mashine yenyewe ni nzima. Iliyokufa ni kompyuta kuukuu iliyokuwa ikiiongoza, na ya aina yake haipatikani tena. Fundi huyu, mama wa watoto wawili, ndiye aliyeandika programu ya kuiiga, kompyuta ya zamani ikiishi ndani ya mpya.

Kasoro iko kwenye kidhibiti cha ishara, sehemu inayoijulisha kompyuta kwamba mashine inaita. "Ni kama bawabu," anaeleza. "Mtu anapiga hodi, bawabu anamhudumia. Akimaliza anafuta hodi zote, hata iliyopigwa wakati yuko kazini. Huyo wa pili atasubiri mpaka kiama."

Kuinasa kumemtoa jasho. Kila alipoongeza mistari ya msimbo ya kuchungulia yanayotokea ndani, programu ilipungua kasi kidogo na kosa likajificha. Mwezi uliopita alidhani limekwisha. Akatangaza amemaliza, akaitoa ile mistari. Kesho yake mashine iliganda na damu ya mgonjwa ikaharibika.

Mgonjwa huyo alikuwa baba yake.

Mzee anaumwa figo, na mishipa yake haionekani kwa urahisi. Siku ile alichomwa upya mikono yote miwili. "Mwanangu, mashine yako imeniona mimi tu?" alitania. Binti alitoka nje akalia. "Niliona aibu, jamani. Haraka ya nini?"

Sasa anabadili mpangilio: hodi inafutwa kwanza, ndipo inahudumiwa. Ikija nyingine katikati, haipotei. Mistari ya kuchungulia ameitoa yote. Anakunja mkono wa blauzi.

"Anza na damu yangu, dada."

Mashine inanguruma, inatulia kidogo, inaendelea. Majibu yanatoka. Fundi anaomba irudiwe, na irudiwe tena. Hashangilii.

Anapanga kuzigawia programu hiyo hospitali nyingine zenye mashine kama hii, lakini hilo baadaye. Jumatatu ni zamu ya baba.

"Ninaomba kitu kimoja tu," anasema, amekandamiza pamba mkononi. "Mzee achomwe mara moja, arudi nyumbani."