Mama Chupa na Uzi wa Zinki

Kwa miaka kumi na tisa Mama Chupa aliosha vyombo vya kioo katika maabara ile, na hakuna aliyewahi kumrudishia hata kimoja akidai ni kichafu. Alivisugua, akavisuuza mara tatu, kisha akavikausha kwenye oveni. Jina lake halisi lilishasahaulika kazini. Hata kwenye orodha ya zamu aliandikwa Mama Chupa, naye hakuona ubaya.

Ndipo akaja Daktari, mwanakemia kijana aliyetaka kutengeneza uzi wa kushonea vidonda, uzi wa poliesta unaoyeyuka wenyewe mwilini jeraha likishapona. Malighafi yake ilikuwa unga mweupe wenye chembe zilizojikunja kama vipete, vidogo mno kuonekana kwa macho. Unga ukiyeyushwa na kutiwa kichocheo cha metali, vipete hufunguka na kushikana kimoja baada ya kingine, vikawa mnyororo mrefu. Wengi hutumia bati. Daktari alitaka zinki, maana mabaki yake mwilini hayakumtia wasiwasi sana.

Mara mbili za kwanza alifanikiwa. Baada ya hapo mambo yakaenda kombo. Kila alipopika, alipata kitu cha kunata kama gundi, au kigumu kinachovunjika kama biskuti. Wiki ya tano uvumilivu ukamwishia.

“Kichocheo nimekipima, hakina kasoro,” alimwambia mkuu wa maabara, Mama Chupa akiwa pale pale kwenye sinki. “Kuna maji yanaingia. Nadhani vyombo havikauki.”

Mkuu hakutaka maneno mengi. Jumatatu Mama Chupa akahamishiwa stoo.

Siku hiyo alifika nyumbani akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua viatu. Mumewe, fundi cherehani, akasimamisha mashine.

“Unaumwa?”

“Nimeambiwa sijui kukausha chupa.”

“Wewe? Mbona hapa vikombe unavikausha mpaka tunaogopa kuvinywea?”

Alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo.

Siku ya tatu, akipanga makopo stoo, aliushika mtungi wa unga wa Daktari. Kifuniko kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akautikisa. Unga haukutiririka, ulikuwa umeshikana mabonge, kama chumvi ya jikoni wakati wa mvua. Na mvua zilikuwa zimeanza mwezi uliopita.

Moyo ulisita. Akisema, wataona anajitetea. Akaendelea kupanga makopo kutwa nzima. Asubuhi yake akaubeba mtungi kwa mikono miwili mpaka mezani kwa Daktari.

“Samahani, Daktari. Unga wako umekula unyevu. Tazama kifuniko.”

Daktari akapitisha kidole kwenye ufa.

“Maji yakiwemo,” alisema, “kila chembe yake inaanzisha mnyororo wake. Inakuwa mingi na mifupi, haishiki. Nami nililaumu vyombo vyako.”

“Basi uusafishe. Usiutupe, utakuwa mzuri tu.”

Daktari aliuyeyusha kwenye kimiminika cha moto, akauacha ugande upya, akaukausha siku mbili. Alipoupika tena na zinki, alikwenda mwenyewe kumwita stoo.

“Mama, njoo uvute wewe.”

Mama Chupa alichovya kijiti cha kioo kwenye ule ute wa moto, akainua. Uzi ukafuata. Akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagusa mlango, na uzi ulikuwa bado mzima, mwembamba, unang’aa. Watu waliacha kazi zao kutazama.

Mbele yao wote Daktari alimweleza mkuu kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mkuu akakohoa kidogo, akamtaka Mama Chupa arudi kwenye sinki siku ile ile.

“Nitarudi,” alijibu kwa upole. “Lakini stoo nimeifikisha nusu. Niacheni nimalize, vifuniko vyote nivikague.”

Alimaliza Ijumaa. Vifuniko vingine vinne vilikuwa na ufa.