Nilifanya mazoezi ya kupumua nyuma ya nyumba yangu Katoro, wachimbaji wakadhani naita dhahabu

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Haya ninayoandika yana mashahidi. Mmoja ni mke wangu, mwingine ni shemeji yangu Shija, ambaye mpaka leo akisikia habari hii ananuna. Chumvi sijaongeza. Pengine hata nimepunguza.

Mimi ni mchimbaji, au niseme nilikuwa. Naishi Katoro na mke wangu, Mama Kabula, na binti yetu ambaye bado hajaanza shule.

Mwaka juzi nilifukiwa duarani, ndani ya shimo la kuchimbia dhahabu. Kifusi kilishuka kikaziba njia, nikabaki gizani nikisikia wenzangu wanachimba upande wa pili, kwa mbali, kama watu wanaotwanga kwa jirani. Walinitoa mzima. Hospitali wakanipima, wakasema mifupa iko sawa, mapafu yako sawa, nenda nyumbani.

Nikaenda nyumbani, nikashindwa kulala ndani.

Siwatanii wakuu. Chumba ni kilekile cha miaka yote, lakini mlango ukifungwa tu kifua kinabana, jasho linatoka, nahisi kabisa udongo mdomoni. Ikawa natandika mkeka mlangoni, na mlango unabaki wazi mpaka asubuhi. Mnaoijua Katoro mnaelewa. Pale pesa ya dhahabu inapita, na wezi nao hawako mbali.

Mama Kabula alivumilia kiangazi chote, akilala jicho moja. Siku moja alikuwa anachambua mchele, akaniambia bila kuinua uso:

"Baba Kabula, mvua zikianza na mlango huu bado uko wazi, nitaenda na mtoto kwa mama, Nyasubi. Sikuachi. Ila kulala hivi sitaweza tena."

Aliongea kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha. Mke akigomba bado kuna mazungumzo. Akiongea taratibu namna ile, ujue ameshaamua.

Ushauri ulikuja wa kila aina. Majirani walisema roho yangu imebaki duarani, apelekwe mbuzi ikaombwe irudi. Sikuwacheka, maana hata mimi nilihisi kuna kitu changu kimebaki kule chini.

Ndipo shangazi yangu wa Masumbwe akaniita nikapumzike kwake.

Pale parokiani kuna sista, muuguzi, aliyewahi kusoma nje na huko akajifunza mazoezi ya Kichina yanayoitwa qigong. Asubuhi huwafundisha akina mama wenye magoti mabovu, kwenye uwanja wa kanisa. Shangazi akanivuta mkono. Nikajikuta mwanaume peke yangu katikati ya vitenge.

Wakuu, asubuhi zile sijui nizieleze vipi.

Moshi wa majiko umelala chini, jua bado halijakolea, na akina mama wote wanainua mikono pamoja, polepole, kimya, kama watu waliosimama ndani ya maji. Hakuna anayeshindana na mwenzake. Kuna bibi mmoja alikuwa anafumba macho na kutabasamu peke yake. Mara ya kwanza nilidhani nimelala na ninaota.

Mazoezi yenyewe ni mepesi mno. Unasimama miguu upana wa mabega, magoti umeyalegeza. Unatikisa mwili mzima kidogo kidogo, mabega, mikono, hata mashavu. Kisha unavuta pumzi huku mikono inapanda mbele mpaka usawa wa kifua, unaitoa huku mikono inashuka. Unafungua mikono pembeni kama unamkaribisha mgeni, unairudisha. Unazungusha kiuno, mikono inaning'inia tu. Mwisho unasugua viganja mpaka vipate joto, unaviweka tumboni, unatulia.

Sista aliniona navuta pumzi kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani.

"Baba, usiivute," akasema. "Toa kwanza, yote. Ikishatoka, itarudi yenyewe. Ng'ombe jioni humburuzi, anajua zizi liko wapi."

Mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Hilo liliniingia.

Nikarudi Katoro na mazoezi yangu. Kila alfajiri nasimama nyuma ya nyumba, karibu na mpapai, nafanya. Mama Kabula anawasha moto jikoni huku ananiangalia. Taratibu kifua kikaanza kulegea. Nikaanza kuegesha mlango. Haujafungwa, ila umeegeshwa, na kwangu ilikuwa hatua kubwa.

Sasa ndipo shemeji Shija alipoingia.

Shija ni mdogo wake mke wangu, naye ni mchimbaji. Tuwekane sawa kidogo kwa mliokulia mbali na machimbo. Huku hakuna jambo lisilo na maana. Ukiota samaki, ni dalili. Siafu wakipita mlangoni kwako, ni dalili. Mtu mzima akisimama alfajiri peke yake anainua mikono kuelekea mashariki, hapo hakuna anayefikiria kupumua.

Akanijia na sauti ya chini:

"Shemeji, hayo unayofanya, unasikia nini mwilini?"

Mimi kwa uaminifu wangu nikajibu, "Viganja vinapata joto."

"Kila mahali?"

"Hapa karibu na mpapai zaidi."

Nilimaanisha kwamba hapo ndipo jua linapoanza kufika. Shija hakusubiri maelezo. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo, akaondoka.

Kesho yake nilikuta wanaume na sururu wakichimba nyuma ya nyumba yangu. Mmoja akanisalimia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe, "Shikamoo mzee," na tunalingana umri! Nikawaeleza ni mazoezi tu, yanatoka kwa sista. Wakatazamana. Shija akanipiga bega akasema, "Tunaelewa shemeji, mambo haya hayasemwi."

Mkuu, ukikana wanaona unaficha. Ukinyamaza wanaona umekubali. Wengine wakaanza kuinua mikono kama mimi ukingoni mwa shimo, kisha wanajishika viganja na kuulizana, "Wewe, chako kimepata joto?"

Ningecheka, lakini shimo lilishafika kimo cha mtu na harufu ya udongo mbichi ikaingia mpaka ndani. Ile harufu ndiyo ilikuwa mdomoni mwangu siku nilipofukiwa. Mazoezi nikaacha. Mlango ukarudi kuwa wazi kabisa. Kila nilichopata Masumbwe kilidondokea kwenye shimo lile, na niliumia sana, sioni haya kusema.

Mama Kabula ndiye aliyewatoa. Alimsimamia mdogo wake pale ukingoni akamwambia, "Shija, bhebhe, wewe unachimba kaburi la nyumba yangu?" Wakafukia siku ileile. Hakukuwa na kitu, ni udongo na mizizi ya mpapai. Shija anaamini mpaka leo kwamba walikosea upande.

Lakini muda ulikuwa umekwenda.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, bila kupiga hodi. Bati likaanza kulia, maji yakaingia mlangoni mpaka kwenye mkeka wangu. Mama Kabula akavuta begi uvunguni akaanza kukunja nguo za mtoto. Halii, hanisemi, anakunja tu.

Nilisimama kizingitini nimelowa. Nikamwambia, "Funga mlango."

Akaweka nguo kitandani, akaja, akanivuta ndani, akafunga na komeo.

Kifua kikabana palepale. Macho yangu yakakimbilia mlangoni.

"Usiangalie mlango," akasema. "Niangalie mimi. Legeza magoti. Toa pumzi, yote."

Akainua mikono. Polepole, mpaka usawa wa kifua, akaishusha. Akafungua pembeni, akarudisha. Wakuu, mwanamke huyu hakuwahi kufundishwa na mtu. Asubuhi zote zile, pale jikoni, alikuwa ananisoma mimi. Kila hatua aliijua, hata pale ninapotulia.

Nikamfuata. Kabula naye akasimama kati yetu, anapunga mikono ovyo anacheka. Mvua inapiga bati, chumba kina giza kidogo, na sisi watatu tunapanda na kushuka kama tunaelea. Nililia, sifichi. Pumzi ilitoka, ikarudi yenyewe.

Mvua ilipokatika nikaona nguo za mtoto zimerudi kwenye kamba ya ukutani.

Sijapona mia kwa mia. Duarani sirudi, sasa nauza vipuri vya pikipiki. Ziko siku mlango nauegesha tu. Na kama kifua chako kina tatizo, anzia hospitali, mimi si daktari.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani napambana peke yangu, kumbe kuna mtu alikuwa anapumua na mimi kila asubuhi, moto wa jiko ukimfukizia moshi machoni.

Kama uliwahi kufukiwa, au una mtu kwenu analala mlango wazi, tuambie hapa mlifanyaje. Wenye maswali ya kiwanja changu kina nini chini, mtafuteni Shija.