Noti Mpya za Ng'ambo

Yule dada wa dirisha la kutuma na kupokea pesa alinipa fomu isiyo yangu kwa muda wa mwaka mzima. Nilikuwa nikifika mjini moja kwa moja kutoka sokoni, nimejitanda kanga juu ya gauni la kazi, nanuka dagaa, naye kabla sijafungua mdomo huwa ameshanisogezea karatasi ya kupokea.

"Pesa inatoka nchi gani, mama?"

"Inatoka hapa hapa Tabora. Inakwenda ng'ambo."

Hapo huinua kichwa na kunitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyepanda basi la Nzega akitaka kwenda Sikonge. Halafu huuliza tena, taratibu, akidhani sikumwelewa. Sikumlaumu. Foleni nzima ilikuwa ya akina mama wanaongoja pesa za watoto wao walio nje, na kila mmoja alikuja amependeza kidogo, maana kwenda kupokea pesa ya nje ni shughuli ya kuvalia. Mimi peke yangu nilikuwa nimekuja kuipunguzia Tabora fedha na kuiongezea Ulaya, ambayo kwa kadiri nilivyosikia haikuwa na shida nazo.

Aliyekuwa nazo shida ni mdogo wangu wa kiume. Alikwenda kusoma nchi ya baridi, na ili apande ndege mama yetu kule Usoke aliuza ng'ombe wawili pamoja na tumbaku ya msimu mzima. Mwaka wa pili ufadhili ukakatika. Akaomba kibali cha kuishi na kufanya kazi, akaambiwa asubiri, na wakati anasubiri haruhusiwi kufanya kazi yoyote.

"Dada, huku hata kuosha vyombo ni mpaka uwe na kibali," aliniambia kwenye simu.

Nilicheka, ingawa nilikuwa karibu kulia. Nyumbani alikaa miaka ishirini na tatu bila kuosha kikombe, na sote tulidhani ni uvivu tu, kumbe alikuwa anasubiri kibali.

Kisha akaniomba jambo moja, nisimwambie mama. Nikakubali upesi, kama mtu anavyokubali mambo ambayo hajayafikiria. Kila mwisho wa mwezi nikawa namtumia kodi ya chumba na cha kutia tumboni, kutokana na dagaa wa Kigoma wanaoshushwa kwa treni na ambao nimekuwa nikiwauza tangu kabla hajaota ndevu. Mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli na hapendi maneno mengi, aliuliza mara moja tu kama huko Ulaya dagaa wamekwisha. Nikamwambia wamekwisha. Hakuuliza tena.

Ingeishia hapo, ingekuwa mzigo wa kawaida tu. Lakini mama alianza kuulizwa.

Usoke ni kijiji cha reli, na kijiji cha reli kila mtu anajua nani amekuja na nani ameletewa nini. Katika kanisa letu la Kimoravian, Jumapili ya mwisho wa mwezi huwa na sadaka ya shukrani. Mtu husimama, hutaja kilichomfurahisha, huweka bahasha yake, na waumini huitikia amina. Jirani mmoja, ambaye mwanawe ana duka la vipuri Dar es Salaam, alikuwa akisimama kila mwezi. Mama yangu, mwenye mtoto aliyepanda ndege, alikuwa amekaa. Nilimwona siku moja akiangalia mikono yake wakati jirani anashukuru, na sikuweza kuvumilia. Mwezi uliofuata nikamletea bahasha.

"Mwanao amekutumia," nikamwambia.

Siku ile kwa bahati tu nilikuwa nimetoa hela benki, nikapewa noti mpya kabisa, zile zinazoshikana hata kuzihesabu ni tabu. Mama akazitoa, akazipitisha vidole, akazinusa.

"Ona pesa za wenzetu zilivyo safi," akasema.

Zilikuwa shilingi za Tanzania zenye picha zile zile anazoziona kila gulio. Ilitosha niseme tu kwamba zimetoka benki ya Tabora. Sikusema. Kwa kunyamaza kule nikawa nimejiajiri kazi ya pili: kila mwisho wa mwezi, baada ya kutuma pesa kwa mdogo wangu, nikawa napanga foleni benki kuomba noti mpya za kumpelekea mama kwa jina la mdogo wangu huyo huyo.

"Una harusi tena, mama?" karani wa benki alikuwa akiniuliza, kwa kuwa kwetu anayetaka noti mpya anataka za kwenda kutunza maharusi.

"Ndiyo," nilikuwa namjibu. Nadhani aliamini nina watoto thelathini na sita.

Mama hakuzitumia noti zile. Alikuwa akitoa moja ya sadaka, zilizobaki anaziweka katika sanduku lake la bati chini ya kitanda, juu ya kanga alizotunza kwa ajili ya kuzikwa. Nilipomuuliza kwa nini hali pesa zile, alinikumbusha babu yake, ambaye alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi pwani. Waliokwenda pwani, alisema, walijulikana kwa kitambaa. Mtu akirudi na shuka jipya begani, hakuna aliyemuuliza alilala njaa siku ngapi, na shuka lile halikuvaliwa shambani.

"Sasa chumvi na sabuni unanunua kwa pesa gani?"

"Kwa hizo hizo zako," akasema.

Hizo zangu zilikuwa noti zilizokunjamana nilizokuwa nikimwachia juu ya meza, kwa jina langu mwenyewe, kidogo kidogo kwa kadiri ya mauzo. Zilikuwa hazinuswi. Alikuwa akizichukua bila kuzitazama, na mara nyingi akiongeza, "Mwenzako yuko mbali, lakini ona anavyonikumbuka." Na Jumapili ya mwisho wa mwezi alikuwa akisimama kanisani, amenyooka, na kusema, "Namshukuru Mungu kwa mwanangu aliye ng'ambo, ambaye hanisahau." Waumini waliitikia amina. Mimi niliyekaa pembeni yake, nimeshika kitabu chake cha nyimbo na fimbo yake, niliitikia pia.

Niseme ukweli, niliona wivu. Nilijionea wivu mimi mwenyewe, jambo ambalo sidhani kama lina dawa. Nilikuwa nikirudi Tabora kwenye basi la Urambo nimekasirika, najiuliza huyo mtoto mwema anayetuma noti mpya ana nini ambacho mimi sina, na jibu lilikuwa kwamba hana harufu ya dagaa.

Kumbe alikuwa nayo. Mwaka wa tatu mama alianza kulalamika kwamba sanduku lake linanuka.

"Ni hao dagaa wako," akaniambia. "Unawaleta humu ndani, wananuka mpaka kwenye pesa za mwenzako. Acha kuwaleta."

Nikaacha. Kuanzia Kwaresima sikumletea hata kibaba kimoja. Nilimletea maharage na karanga, vitu visivyomdhalilisha mtu.

Mwezi wa saba mdogo wangu akapiga simu analia. Kibali kimetoka. Alikuwa amepata kazi katika ghala la mizigo, na kitu cha kwanza alichofanya na mshahara wake wa kwanza ni kumtumia mama. Pesa ilikuja kwenye simu yangu.

"Mpelekee, dada. Na mwambie ni zangu, nimezitolea jasho. Nataka ajue sijamsahau."

"Nitamwambia," nikasema. Hakuwa anajua kwamba mama hajawahi kuwa na wasiwasi huo hata siku moja.

Nilizitoa kwa wakala karibu na stendi. Wakala ni wakala, alinipa alichonacho: noti chakavu, moja imeunganishwa kwa gundi ya karatasi, nyingine ina namba ya simu ya mtu. Nilizitazama nikafikiri kwenda benki kuzibadilisha, kisha nikakataa. Miaka mitatu nimeupigia uongo pasi. Nikaona ukweli uende hivyo hivyo, na mikunjo yake.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anachambua karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja katikati ya mwezi."

"Mwanao amekutumia pesa."

Akafuta mikono kwenye kanga, akapokea. Hakuzinusa. Alizitandaza mapajani moja moja, na uso wake ukawa unabadilika polepole.

"Hizi si zake."

"Ni zake, mama."

"Zake nazijua. Zake ni mpya, na ni nyingi kuliko hizi." Aliniinulia macho. "Umezibadilisha. Umechukua zake umeniwekea za sokoni, na nyingine umepunguza."

Nimeishi miaka arobaini na sita na sijawahi kuitwa mwizi. Siku ya kwanza niliyompelekea mama yangu pesa halali ya mtoto wake, ndiyo siku niliyoitwa. Ulimi uliniponyoka nikamwaga yote: ufadhili uliokatika, kibali, kodi ya chumba, foleni ya benki, harusi za uongo. Nilimwambia kwamba pesa zake zote nzuri zilikuwa zangu, na hizi mbaya ndizo za kwanza za mwanawe.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akahamia Kinyamwezi, lugha anayoitumia kwa mambo mazito na kwa mbuzi, akasema kwamba siku zote alijua nina kijicho na mdogo wangu, ila hakujua kimefika hapo.

Akainuka, akaingia ndani. Nilimfuata. Alipiga magoti kando ya kitanda, akalivuta sanduku, ili anionyeshe tofauti ya pesa za mtu wa ng'ambo na pesa za genge langu. Akafunua kifuniko.

Harufu ya dagaa ikajaa chumbani.

Alikuwa ameshachukua kibunda kimoja cha noti mpya na ameninyooshea, mdomo u wazi tayari kusema. Alikirudisha kile kibunda puani, akakinusa. Akachukua kingine, akakinusa nacho. Nilikuwa nikizitoa benki, nikizilaza siku mbili tatu katika sanduku la mauzo gengeni, ambako hakuna kitu kisichonuka, kisha ndipo nikipata nafasi ya kuja. Mimi mwenyewe pua yangu iliacha kuisikia harufu ile zamani.

"Dagaa uliacha kuleta tangu Kwaresima," akasema.

"Ndiyo."

"Na za mwezi uliopita zinanuka."

Alikaa chini kwenye sakafu, miguu ameinyoosha, zile noti zimemlalia mapajani. Nilitaka kumnyanyua, akanizuia kwa mkono. Nilitamani ningekuwa nimenyamaza. Nilikuwa nimemnyang'anya mtoto wake mwema, na mahali pake sikuwa na wa kumpa ila mimi, aliyekuwa naye siku zote.

"Miaka mitatu," akasema baadaye, "kila siku asubuhi nilikuwa namwomba Mungu akupe moyo kama wa mdogo wako."

Nikalia. Yeye hakulia. Alichukua zile noti chakavu za mdogo wangu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema hizo atanunulia sukari, maana mtoto aliyepata kazi pesa yake inalika. Sanduku alilifunga, akalisukuma miguuni kwangu na kuniambia niende nalo. Nilikataa. Tulivutana kidogo, na mwisho likarudi chini ya kitanda, kwa kuwa sote wawili ni wabishi na basi lilikuwa linakaribia.

Jumapili ya mwisho wa mwezi nilikwenda Usoke mikono mitupu. Tulikaa benchi letu la siku zote. Ulipofika wakati wa shukrani, mama akaniomba fimbo yake, akasimama. Niliinamisha kichwa kama nilivyozoea, nikasubiri maneno niliyoyajua kwa moyo.

"Namshukuru Mungu," akasema, "kwa mwanangu aliye Tabora, ambaye hanisahau."

Watu waligeuka kututazama. Wengine walitabasamu kwa upole, kama watu wanavyotabasamu mzee anapoanza kuchanganya mambo. Mzee wa kanisa aliyekuwa akipokea bahasha, mtu mwenye adabu sana, akamwinamia.

"Aliye ng'ambo, mama," akamnong'oneza.

Mama hakumtazama. Alinishika bega, labda kwa kutaka nguvu ya kusimama, labda sivyo.

"Yule naye hajambo, amepata kazi," akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Nimesema Tabora."